Rubani wa Kiti cha Kulia

Rubani hakuingia gari bila kulizunguka. Hata mvua ikinyesha, hata tukiwa tumechelewa kanisani na mchungaji ameshafungua Biblia, yeye alianzia mlango wa dereva, akapita mbele, akabonyeza taa kwa kidole, akainama kutazama kama kuna kinachovuja, akagusa kila tairi kwa kiganja, akamalizia pale alipoanzia. Ndipo alipokwenda upande wa kulia, akakaa, akafunga mkanda na kusema, "Sawa. Saa hii tunaweza kuongea." Mama yangu alipomwona mara ya kwanza, kupitia dirisha la jikoni, aliniuliza, "Juu ya nini ile muzee iko nazunguka gari kama mbuzi wa kamba?" Nikamwambia huyo ndiye mwalimu wa udereva niliyekuwa nikimtaja. Mama akasema, "Bon, basi Mungu atusaidie," akarudi kwenye sufuria yake.

Jina lake nalijua, ila sijawahi kulitumia. Highview, kule kusini mwa Louisville, Wakongo wote wa majengo yetu walimwita Rubani. Wakenya wenzake walimwita mzee, na watoto wetu, ambao kila kitu wanakijibu kwa Kiingereza, walimwita Kapteni. Alikuwa amekuja Amerika kulea wajukuu. Binti yake alikuja kusoma uuguzi akabaki, akamleta baba baada ya mama yao kufariki. Wajukuu walipoanza shule mzee akabaki na mchana mrefu usio na kazi, akaanza kufundisha watu wa kanisa kuendesha. Hakutoza kitu. Ukimpelekea chai kwenye chupa ya moto alikuwa ameridhika, na ukisahau maziwa angekukumbusha.

Niseme mapema, ili mtu asije akaning'ang'ania mwishoni: mama yangu alimpenda mtu huyu. Naye alimpenda mama. Wanawake wa kwaya walijua, mchungaji alijua, hata yule Mburundi wa duka la vyakula alijua, maana mama alianza kununua majani ya chai ya Kenya wakati sisi nyumbani hatunywi chai. Kilichobaki ni mmoja wao kulisema. Mama alikuwa mjane tangu Uvira, kwetu Kongo. Mimi nilikuwa nimepata nafasi ya kusoma Columbus, na kila jioni nilimwona mama anakula amesimama karibu na jiko, eti kukaa peke yake mezani kunamtia uvivu. Nilijua nikiondoka atakula amesimama hadi uzee wake. Basi kwangu mimi hiyo ndiyo ilikuwa kesi yenyewe: hawa wawili watasema, au watanyamaza mpaka wazikwe?

Sasa nirudi kwake.

Zamani, kijana bado, alikuwa mwalimu katika jeshi la anga la kwao, Nairobi. Alifundisha vijana kurusha ndege, na ndege yenyewe iliitwa Buldogi. Watoto wa kanisa walikufa kwa kicheko waliposikia kuna ndege yenye jina la mbwa. Hakukasirika. "Hilo ni jina la Waingereza," aliwaambia. "Hao mbwa wanampenda kuliko jirani." Ilikuwa ndege ndogo ya kufundishia, iliyobuniwa miaka mingi baada ya ile vita kubwa ya pili na kuundwa Uskoti, na mtu huyu ambaye kwa mambo mengine ulimtoa neno kwa shida, ukimgusia Buldogi alizungumza mpaka chai ipoe. Mabawa mita kumi na kidogo, ncha hadi ncha. Urefu mita saba. Ikishapakia watu wawili na mafuta na kila kitu, uzito wake ni tani moja na chembe. "Pungufu ya hii Toyota yako, Furaha," aliniambia, "na hii yako hairuki." Injini ya silinda nne, nguvu za farasi mia mbili. Ukiikazania, maili mia na hamsini kwa saa. Ukijaza matangi unatoka Louisville unafika Buffalo bila kutua. Juu yenu kuna kifuniko cha kioo cha kuvuta nyuma, kwa hiyo ukiwa chini, injini inanguruma, unaweza kukaa wazi upepo ukikupiga usoni. Magurudumu matatu, na hayakunjwi.

"Kwa nini hayakunjwi?" nilimwuliza.

"Mwanafunzi iko na mambo mengi ya kusahau. Waingereza wakaona gurudumu lisikuwe moja yao."

Kitu kilichompendeza kuliko vyote ni kwamba ile injini ilitengenezwa Pennsylvania. Alilisema hilo kwa Wamarekani aliokutana nao kwenye foleni za dukani, kama mtu anayeleta salamu za jamaa. Wengi walitikisa kichwa kwa adabu wakasogeza vitoroli vyao.

Alipimia dunia kwa ndege ile. Tulipokuwa tunapanga meza za harusi ya kijana mmoja wa kwaya, alitembea ukumbi mzima mikono nyuma, akatutangazia kwamba Buldogi moja ingeingia pale vizuri, ila mkia ubaki mlangoni. Bibi harusi alikuwa na wasiwasi wa viti, na habari hiyo haikumsaidia kitu. Siku ya kwanza alipokaribishwa kwetu kula, alisimama katikati ya sebule, akaangalia ukuta na ukuta, akasema, "Hii sebule yako, Mama Furaha, haifiki hata bawa moja na nusu."

"Na weye ulikuya na ndege?" mama akamjibu, akimwekea sahani.

Alicheka. Mimi nilikuwa nimemjua karibu mwaka mzima na sikuwa nimewahi kumsikia akicheka kwa sauti. Alikaa akala bugali yetu ya muhogo, ambayo kabla ya siku ile aliiita gundi mbele ya watu, akala na sombe, majani ya muhogo ya kutwanga, akaongeza, akaongeza tena. Binti yake alipomuuliza baadaye kama alipenda, alisema chakula kilikuwa cha kawaida tu.

Alikuwa hivyo. Alichosema na alichofanya havikukaa nyumba moja. Alituhubiria utulivu, kwamba dereva mwenye hofu ni dereva aliyefumba macho. Lakini binti yake alituambia kwamba siku ile anakuja Amerika alijifunika blanketi la ndege kichwani kutoka Nairobi hadi anatua, akakataa hata maji. Rubani mzima. Nilipomtania kwa hilo alisema hakuwa anaogopa ndege, alikuwa anaogopa kukaa nyuma. "Mahali hapo hauoni mtu anafanya nini," alisema. Alipenda saa, lakini kanisani alichelewa kila Jumapili kwa sababu ya kuzunguka gari. Alifundisha watu kuendesha na mwenyewe hakupenda kuendesha. Ukimpa funguo alizirudisha.

Hilo la mwisho lina sababu yake, na aliwahi kunieleza. Katika Buldogi watu wawili hukaa bega kwa bega, si mmoja mbele na mmoja nyuma kama ndege nyingine za mafunzo. Mwanafunzi kushoto, mwalimu kulia, na kila mmoja ana fimbo yake ya kuongozea. Miaka yake yote ya kazi alikaa kulia. Kisha akarudi uraiani Kenya, ambako usukani wa gari uko kulia, na kila alipofundisha mtu kuendesha ilimbidi akae kushoto. "Nikawa kama mtu amevaa viatu vya mguu mwingine," alisema. Halafu akaja Amerika akakuta dereva kushoto na mwalimu kulia. Siku ya kwanza binti yake alipomchukua kutoka uwanja wa ndege, alifungua mlango wa kulia, akakaa, akanyamaza njia nzima. Binti alidhani ni uchovu. Kumbe mzee wa watu alikuwa amerudishwa kwenye kiti chake baada ya zaidi ya miaka thelathini.

Sasa kufundisha kwake. Nyuma ya duka moja kubwa lililofungwa, karibu na kwetu, kulikuwa na uwanja mpana wa kuegesha magari usio na mtu. Rubani alikwenda pale asubuhi na chaki za watoto, zile nene za rangi, akachora Buldogi kwa kipimo chake chenyewe. Pua, mabawa, mkia, viti viwili. Aliichora akitembea kinyumenyume, ameinama, bila kamba wala rula. Kisha akawaambia wanafunzi waendeshe kuizunguka bila kugusa bawa. Wengine waliliona jambo la kitoto. Lakini mtu akishaweza kuuzunguka ule mchoro mbele na nyuma, kuegesha gari mahali popote hakukumpa shida tena. Mvua ilipoufuta aliuchora upya. Watoto wetu walikuja kukaa ndani ya viti vya chaki, na aliwaacha, ila ilimpasa aliyekaa kushoto kutii aliyekaa kulia.

Na palikuwa na ile desturi ya kupokezana. Jeshini, mwalimu akitaka kumwachia mwanafunzi ndege husema wazi kwamba anamwachia, na mwanafunzi lazima ajibu kwamba amepokea, ili pasitokee dakika ambayo kila mmoja anadhani mwenzake ndiye anaongoza. Rubani aliileta desturi hiyo kwenye Toyota yangu kuukuu. "Ni lako," angesema. Ukiwasha gari kabla hujajibu, anazima. Mpaka useme, "Limekuwa langu." Mama hili lilimshinda wiki nzima. Alisema ni aibu mjane kukaa na mwanaume garini wakiambiana mambo ya lako na langu, watu wakisikia watasema nini? Rubani akamwambia kwa upole wote, "Mama Furaha, vioo vimefungwa." Hilo halikumsaidia mama hata kidogo.

Mama hakuwa mwanafunzi rahisi. Alikuwa anafanya kazi ghalani, kufunga vifurushi, na alitegemea wengine kumfikisha na kumrudisha. Kila mtu alimwambia ajifunze. Lakini mama alitoka Uvira kwenye lori, usiku, lori likabinuka, na tangu hapo injini ikinguruma kwa nguvu mwili wake unakakamaa. Rubani hakumwambia asiogope. Siku za mwanzo hakumruhusu hata kuwasha. Walikaa tu, yeye kulia, mama kushoto, injini imezimwa, wakinywa chai na kuongea juu ya bei ya samaki. Nilikuwa nawatazama kwa mbali nikidhani anapoteza wakati. Ikafika siku mama mwenyewe akauliza, "Donc, hii gari itatembea siku gani?" Akamjibu, "Ukitaka." Mama akawasha mwenyewe.

Ila palikuwa na jambo moja lililomshinda mwalimu. Mama alikataa katakata kupitisha gurudumu juu ya ndege ya chaki, hata pale ambapo somo lilikuwa kuikata katikati kwa mwendo wa polepole. Rubani alimweleza ni chaki, itafutika yenyewe. "Najua ni chaki," mama alisema. "Miye siwezi kanyaga kitu yako." Mzee aligeuza uso akatazama upande wa dukani kwa muda mrefu. Somo hilo halikurudiwa.

Alikuwa na misemo yake ya kazini. "Haraka ni ya abiria," alisema mtu akikanyaga mafuta. "Ongea na kioo, kioo hakisengenyi." Na ule alioupenda kuliko yote, kwamba kazi ya mwalimu ni kushuka. Maana yake niliielewa siku ya mama. Walikuwa wanazunguka uwanja kama kawaida, mara Rubani akamwambia asimame. Akafungua mlango, akashuka, akafunga mlango nyuma yake. "Nenda," akasema. Mama akamwangalia kupitia kioo kama mtu aliyeachwa stesheni. Kisha gari likaondoka. Likazunguka uwanja mara ya kwanza polepole, mara ya pili vizuri zaidi, na Rubani akainua mkono kumwambia inatosha. Mama hakusimama. Alizunguka tena na tena, ameshika usukani kwa mikono miwili, kilemba kimesogea, anaimba wimbo wa kanisa kwa sauti tuliyoisikia kule tulipokuwa. Rubani alivua kofia akaishika kifuani. Machozi yalikuwa yanamtiririka na hakuyafuta. Nilijifanya natafuta kitu kwenye mkoba.

Jioni ile ndipo aliponiambia, mara moja tu, kwa nini aliacha kuruka. Kwao mwaka wa themanini na mbili, wa lile jaribio la mapinduzi, mambo yaliharibika jeshini, na watu wote wa anga wakawekwa kizuizini, aliyehusika na asiyehusika. Yeye hakuhusika. Walimweka ndani, wakamtoa, hawakumrudishia kazi. Hakulalamika juu ya hayo, aliyapita haraka. Kilichokuwa kinamuuma ni kwamba alikuwa na mwanafunzi mmoja aliyekuwa tayari kwenda peke yake. Alikuwa amepanga kushuka wiki ile. "Sikushuka," aliniambia. "Yule kijana sijui alienda wapi. Sijui kama kuna mtu alimwachia." Alikunja kofia mkononi, akaikunjua. "Leo nimeshuka, Furaha." Akaenda nyumbani kwa miguu, hakutaka apelekwe.

Mama alipata leseni. Nami nikaanza kufunga mizigo ya Columbus, moyo umetulia kiasi, nikiamini kwamba hawa sasa watasema. Muda walikuwa nao, gari walikuwa nalo.

Kumbe kulikuwa na jambo ambalo mama alikuwa ameliona na mimi sikuliona. Asubuhi moja ya masika tulifika uwanjani tukakuta Rubani ameshachora ndege yake na amekwenda kununua maji. Mama alisimama akaitazama. Bawa la kulia lilikuwa sawa. La kushoto lilikuwa fupi, limekatika mahali ambapo halikupaswa kukatika. Mtu aliyekuwa anachora mita kumi gizani bila kukosea. Nilitaka kucheka, nikaona uso wa mama nikaacha. Alichukua chaki, akapiga magoti kwenye lami na gauni lake la kazi, akaliendeleza lile bawa mpaka likalingana na lenzake. Akajipangusa vumbi magotini. "Usimwambie," akasema.

Ilikuwa presha ya macho, ule ugonjwa unaokula kuona kwa mtu kutoka pembeni kuja katikati. Alikuwa anaujua muda mrefu. Ndiyo maana alirudisha funguo, si kwa sababu ya viti peke yake. Binti yake alipopata kazi ya hospitali Buffalo, mzee akaamua kwenda naye, na alikuja kutuaga siku moja tu kabla, wakati ambapo lori la mizigo lilikuwa limeshapakiwa. Alikataa kukaa. Alimwambia mama, amesimama mlangoni, "Buldogi ikizidishwa uzito hairuki, Mama Furaha. Mimi saa hii ni uzito." Mama alimtazama. Nilimwombea mama neno, neno lolote, hata la matusi. "Bon," alisema mama. "Safari njema." Akafunga mlango, akaenda jikoni, akapakua chakula, akala amesimama.

Nilihamia Columbus. Mwaka ukapita na zaidi. Jumapili mama alinipigia, na katika habari za kwaya na za ghalani palipenyezwa habari za Buffalo: Rubani anawasalimu, Rubani anasema theluji ya kule haina adabu, Rubani hatoki tena peke yake. Niliwahi kwenda kumtembelea nikiwa na wenzangu wa shule. Alikaa mtaa wa Riverside, nyumba ndogo ya mbao karibu na mto, na nilimkuta kwenye kochi la upande wa dirishani. Alinitambua kwa sauti. Aliniuliza mama anaendeshaje, kama bado anakanyaga breki kwa woga, kama anafunga tairi za baridi mapema. Hakuuliza lingine. Nilitoka pale nimekasirika na wote wawili.

Halafu, mwaka elfu mbili na kumi na sita, majani yakiwa yameanguka, mama akanipigia simu Ijumaa: "Kesho niko nakupitia. Vaa muzuri." Nilidhani kuna msiba. Alifika Columbus asubuhi kutoka Louisville, peke yake, gari limeoshwa, yeye amevaa kitenge kipya cha rangi ya machungwa na kilemba chake. Nikamwuliza tunakwenda wapi. "Buffalo." Nikamwomba nimpokee usukani tulipopita Cleveland, akakataa. Aliendesha na ziwa mkono wa kushoto, redio imezimwa. Tulipofika Buffalo alipitia kwanza maduka ya Grant Street, akanunua sukari, mchele, sabuni za kunukia, katoni ya Fanta na sweta la mwanaume. Nilibeba mifuko nikiwaza kwamba mgonjwa mmoja hahitaji sukari yote ile.

Binti wa Rubani alitupokea kwa mikono miwili. Mzee alikuwa kwenye kochi lake, amenyolewa, shati limepigwa pasi. Mama akakaa, akampa mkono, wakaulizana hali. Tukala sombe ambayo mama aliibeba kwenye boksi la barafu kutoka Louisville. Mama akaosha vyombo. Akarudi, akakaa kwenye kochi lilelile, mwisho wa pili, akaweka mikono magotini.

"Furaha," akasema, "sema."

"Niseme nini, mama?"

"Sema vile wazee banasema wakienda kwa watu."

Ndipo sukari iliponijia akilini, na sabuni, na Fanta. Nilihisi joto la uso hadi masikioni. Mama yangu alikuwa ameniendesha maili zote zile niwe mshenga wake. Kwetu hakuna mwanamke anayekwenda kuposa, na hakuna mtoto anayemposea mama yake, na nilijua kanisa la Louisville litakapopata habari watazungumza hadi Pasaka. Nikamwangalia binti wa Rubani. Alikuwa ameshaelewa kabla yangu. Alivuta kiti akakaa sawasawa, kama wenyeji wanavyokaa wageni wakija na neno.

Nikasimama. "Dada," nikaanza, "sisi tumetoka Louisville. Tumepita hapa, na katika nyumba hii tumeona..." Nikakwama. Kwa kawaida husemwa tumeona ua. Huwezi kumwita mzee wa miaka sabini ua. "Tumeona mtu," nikasema. "Tumempenda. Tumekuja kumwomba."

"Na mwenyewe anajua?" binti akauliza.

"Anajua," mama akajibu. "Iko nafanya kama hajui."

Rubani hakusogea. Alikuwa ameelekeza uso mbele, hana pa kuutazamisha. "Mama Furaha," akasema, "uso wako nauona nusu. Mwaka ujao pengine sitauona. Utakuwa na mtu wa kushikwa mkono mpaka chooni. Wewe umefanya kazi maisha yako yote. Sitaki kukuletea hiyo."

Mama alimgeukia. Sijawahi kumsikia akiongea vile, si kwa ukali, ila kama mtu anayetua kitu alichokibeba mbali.

"Bwana yangu sikumuzika," akasema. "Tulikimbia, akabaki. Sikuona hata kaburi. Kila siku nilikuwa napikia mutu mwenye hayuko. Weye uko. Uko napumua, umekula sombe yangu mbele ya macho yangu. Juu ya nini uniambie hauko?"

Nje lori la takataka lilipita, likasimama, likaendelea. Rubani alivua miwani akaiweka gotini. Akamwita binti yake kwa jina lake la utotoni.

"Waambie wageni wetu tumewasikia," akasema.

"Baba, umewasikia tu, ama umekubali?"

"Nimekubali," akasema. "Waambie nimekubali. Ndoa iwe kanisani kwanza."

"Tuko hapa, si lazima utume mutu," mama akasema, na binti wa Rubani akacheka na kulia pamoja, nami nikamfuata.

Tulipotulia, yule binti akarudi kuwa muuguzi. Alileta kichupa kidogo kutoka kabatini, akamweleza mama habari za dawa ya macho, asubuhi na jioni bila kukosa, na kwamba baba hataki mtu amtilie, anajitilia mwenyewe na nusu inaishia shavuni. "Nionyeshe," mama akasema. Akaenda kunawa mikono, akarudi akiwa bado anaikausha kwenye kitenge, akasimama mbele ya kochi na kichupa mkononi. Rubani akaegemeza kichwa nyuma.

"Miye sijafanya hii," mama akamwambia. "Itaingia vibaya."

"Tutarudia," akasema, akafumbua macho yote mawili, akamngoja.